Kijiji Kilichoazima Watu

Ijumaa ya Mtondooni ilikuwa ikianza Alhamisi alasiri, kwa simu. Mtandao kwetu hukamatika mahali pamoja tu, juu ya ukuta wa jabia tunamowekea maji ya mvua, na shemeji yangu Shuaib alikuwa akipanda pale, kandambili mkono mmoja na simu mkono wa pili, akitafuta wanaume. "Mohdhar, kesho huyi? Nyavu? Nyavu zitangoya Jumamosi." Akimaliza na huyo humpigia mwingine aliye Kizingitini, kisha mwingine aliye Siyu. Hakuwa akipiga simu kujuliana hali. Alikuwa akitafuta arubaini.

Sisi ni Mashafii, na katika madhehebu yetu sala ya Ijumaa haisimami mpaka wapatikane wanaume arubaini, watu wazima, wenyeji wa mahali. Wakipungua, watu husali adhuhuri ya kawaida na kila mtu akenda zake. Nilipokuwa msichana hakuna aliyewahi kuhesabu. Watu walikuwa wakisali mpaka nje, juani, wakigombania kivuli cha ukuta. Siku hizi msikiti umebaki na safu za mbele tu. Na kwa kuwa sisi wanawake hatumo katika hiyo arubaini, tumepata nafasi nzuri ya kukaa pembeni na kutazama wanaume wakihangaika.

Mtondooni ni kisiwa kidogo ng'ambo ya Faza, kijiji kimoja na mikoko. Serikali ilipokataza kuvua usiku kwa ajili ya usalama, vijana wakaenda kutafuta kazi za hoteli Shela. Wenye vyeti wakaenda Mombasa. Waliooa wakafuatwa na wake zao. Hakuna aliyefukuzwa. Kila mmoja alitia kufuli mlangoni akasema anarudi Idi. Idi zikaja zikapita, kufuli zikashika kutu, na paa la makuti lisilo na mtu wa kuliangalia halichukui muda kuanguka ndani.

Shuaib hakukubali kwamba hao wameondoka. Ni mwashi kwa kazi yake, mtu mfupi mwenye sauti nene, mbishi tangu tumboni mwa mamake. Alimuoa dada yangu, Mungu amrehemu, na tangu siku ya posa mpaka leo sijawahi kumsikia akisema "kweli, nimekosea". Nusu ya nyumba zilizofungwa alizijenga yeye, au alizitia chokaa, au alizikandika upya. Kwa hiyo alikuwa na fatwa yake mwenyewe. Sheikh mmoja alikuja kutoka Faza akamwambia mgeni hakamilishi idadi. Anayekuja asubuhi kwa boti na kuondoka jioni si mwenyeji.

"Ana nyumba hapa?" Shuaib akamuuliza.

"Anayo, lakini halali humo."

"Basi kana ana nyumba ni mwenyeyi wetu, hata akilala Nairobi."

Sheikh alikuwa mtu wa subira. Akawashauri wakishasali Ijumaa wasimame tena wasali na adhuhuri, kwa tahadhari, ili kama ile ya kwanza haikusihi hii ya pili iwafae. Ikawa ndiyo desturi yetu. Wanaume wa Mtondooni wakawa wanasali mara mbili, na sisi majumbani tunangoja huku wali unapoa.

Niliyacheka mambo hayo, siwezi kukataa. Lakini nilikuwa najua kilichokuwa moyoni mwa Shuaib. Hakuwa akiwapigania wale wa Kizingitini wala wa Siyu. Alikuwa akimpigania Asmaa.

Asmaa ni binti yake, mtoto pekee wa marehemu dada yangu. Kwetu mwanamume haoi akampeleka mke kwake. Baba ndiye humjengea binti nyumba, na mume akaja akaingia. Shuaib alianza kuijenga nyumba ya Asmaa msichana angali chuo cha Kurani anasoma juzuu. Alikuwa akitoka kwenye kazi za watu anakwenda kwenye kiwanja chake mwenyewe, anachonga mawe mpaka magharibi. Akajenga sebule, akajenga vyumba, akatia vidaka vya kuwekea vyombo ukutani kama nyumba za zamani za Amu, yaani Lamu mjini, na juu akaweka mabati mazuri badala ya makuti. Siku ya harusi Taufiq, kijana wa Siyu, aliingia mle na sanduku lake moja, na Shuaib akasimama mlangoni akicheka peke yake. Aliniambia, "Twahira, mimi sasa hata nikifa, mwanangu ana mahali." Hiyo ndiyo furaha yake kubwa niliyoiona.

Mtoto wa kwanza alizaliwa salama mikononi mwa mkunga wetu wa kienyeji. Mkunga naye akazeeka, akachukuliwa na wanawe Malindi. Mtoto wa pili ndiye aliyetutia adabu. Uchungu ulimshika Asmaa maji ya bahari yametoka, na kwetu maji yakitoka mlango wote wa mikoko huwa tope, boti inakaa ubavu. Tulimbeba tukamlaza ndani ya boti tukisema maji yakirudi tu tuondoke. Akazaa mle botini, juu ya tope, akaanza kutoka damu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mwavuli kumkinga jua. Nilimwona akiwa mweupe midomo. Shuaib alikuwa ameshuka topeni mpaka magotini, anaisukuma boti ambayo watu kumi wasingeweza kuisogeza, anasukuma na kulia. Maji yalirudi, tukafika hospitali ng'ambo, akapona. Ile rangi ya midomo yake haijanitoka.

Taufiq alikuwa ameshapata kazi Shela, mpishi katika nyumba ya wageni. Alitaka kuwachukua tangu siku ile. Asmaa akakataa kwa ajili ya baba yake. Alikaa, akalea, akamsikiliza mzee akipiga simu zake juu ya jabia. Kisha akapata mimba ya tatu.

Alimwambia mbele yangu, sebuleni kwake, tunakunywa chai.

"Baba, nataka unisikize bila kukasirika. Kukiletwa nesi hapa, nitazaa hapa, na nitakaa hapa mpaka nizeeke. Kama hakuna nesi, naenda kwa Taufiq kabla tumbo halijawa zito. Na nikienda, Baba, watoto wataingia skuli kule. Unajua maana yake."

"Nesi atakuya," Shuaib akasema.

"Nani atamleta?"

"Atakuya, mwanangu. Mimi nitamtafuta."

Na kweli alimtafuta. Alikwenda Amu mara kadhaa, akaonana na huyu na yule, akarudi na ahadi. Kila mtu alimwambia maneno mazuri. Ahadi ni deni, wahenga walisema, lakini hawakusema wenye kuahidi wanalilipa.

Wakati huo ndipo Abdulwahid, mzee wa kijiji, alipotuletea habari. Kuna mradi. Watu watakuja na boti kuhesabu nyumba zenye watu na nyumba zisizo na watu, katika visiwa vyote vidogo. Watahesabu ili wafanye nini, hakuambiwa. Aliuliza, akajibiwa angoje.

Sasa ingekuwa wewe ungedhani nini? Mwaka uliotangulia kisiwa cha jirani skuli yao ilihesabiwa, watoto wakaonekana wachache, ikaunganishwa na nyingine ng'ambo. Watoto wakapelekwa bweni. Mama gani atakaa kisiwani na mtoto wa miaka saba analala bweni? Wakafuata. Kabla ya Ramadhani ya pili pale hapakuwa na hata wa kuadhini. Kwa hiyo tuliposikia kuhesabu, tulijua tunahesabiwa tufungwe.

Wazee wakakutana kwenye baraza ya msikiti, na Shuaib akanena kama jemadari.

"Wataka watu? Tutawapa watu. Kwani Ijumaa twafanyaye?"

Asmaa alipewa habari hiyo nyumbani, akasonya. "Na kama wanakuja kusaidia, Baba? Kama wanatafuta vijiji vilivyopungukiwa?"

"Mkono mtupu haulambwi," Shuaib akamjibu. "Serikali humpa aliye hai. Maiti hupewa sanda."

Hakuna aliyembishia. Mimi pia sikumbishia, kwa sababu maneno yale yalikuwa na akili. Umewahi kuona barabara imepelekwa pasipo na watu? Skuli je? Maisha yetu yote tumeambiwa leteni idadi, ongezeni idadi, idadi yenu haitoshi.

Basi tukaazima watu. Shuaib alikesha kwenye ile simu. Ndugu wakaja kwa boti kutoka Faza, Kizingitini, Siyu, mpaka Ndau, na wake zao na watoto wao na kuku. Nyumba zilizofungwa zikavunjwa kufuli. Tulizoa vinyesi vya popo kwa ndoo. Palipokuwa hapana paa tuliwasha moto uani ili moshi uonekane, na tukaanika kanga na vikoi kwenye kamba. Madrasa ya ng'ambo ikatuletea watoto, na mwalimu wao alipoulizwa na wazazi kisa, alisema wanakwenda maulidi. Mimi, mjane wa miaka mingi, nilipewa nyumba ya Mohdhar na Mohdhar mwenyewe ndani yake, na kanzu yake ikaning'inizwa mlangoni. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Twahira, nimekuazima tu, usimzoee." Tulikuwa na furaha, jamani. Kijiji kilikuwa kimejaa sauti. Watoto wakikimbia vichochoroni, harufu ya vitunguu kila mlango. Nilisahau kwamba ni uongo. Nadhani sote tulisahau, na huo ndio uliokuwa ubaya wake.

Wakaja. Mkuu wao alikuwa kijana wa bara, Kamau, mpole, amevaa kofia ya jua na jaketi la kuokolea ambalo hakulivua hata alipokaa kwenye kiti. Aliingia kwangu na ile tableti yake.

"Mama, mnalala wangapi hapa?"

"Saba," nikasema. Ulimi haukunitetemeka.

"Na watoto wanasoma hapa hapa?"

"Wote."

Aliandika. Alikwenda nyumba hadi nyumba mpaka adhuhuri. Akala wali wa nazi na samaki kwa Asmaa, akasifu nyumba, akasifu vidaka, na Shuaib akamweleza jinsi alivyovichonga. Wakati wa kuagana alimshika Shuaib mkono kwa mikono yote miwili.

"Mzee, nimefurahi kweli. Ofisini tuliambiwa Mtondooni imeisha. Kumbe mko sawa kabisa! Hamna shida."

"Hatuna shida, alhamdulillahi," Shuaib akasema, na kifua chake kikajaa.

Waazimwa hawakuondoka siku ile, kwani kesho yake ilikuwa Ijumaa. Msikiti ukafurika. Watu wakasali mpaka nje, kama zamani. Na ilipokwisha sala, wanaume walipotaka kusimama tena kwa adhuhuri ya tahadhari, Shuaib akawazuia. "Leo hapana haja," akasema. "Leo tumetimia." Nilimsikia kutoka dirishani kwa jirani, na sauti yake ilikuwa imekatika kwa kilio. Jioni boti zikawachukua watu, na usingizi wa Mtondooni ukarudi.

Aliyetuletea habari ni Taufiq. Pale Shela kazini kwake kuna kijana wa kisiwa kingine, kidogo kuliko chetu, ambaye alikuwa akitamba kwamba kwao wameletewa nesi wa kukaa, na boti ya wagonjwa yenye mashine inayopita majini hata kina kikiwa haba, na mwalimu wa pili. Kwa nini? Kwa sababu walipohesabiwa, nyumba zao zaidi ya nusu zilikuwa tupu. Mradi ulikuwa wa vijiji vinavyokimbiwa, kuwarudisha watu. Kadiri kijiji kilivyokuwa kitupu ndivyo kilivyopewa. Wao hawakuwa na mtu wa kupiga simu. Walikaa walivyo, wakaonekana walivyo.

Asmaa alipokea habari hiyo pale juu ya jabia, na tumbo lake, akashuka polepole akaja kutuambia. Hakumlaumu baba yake. Angempigia kelele ningefurahi zaidi. Alisema tu, "Alikuwa wetu, Baba. Yule nesi alikuwa wetu," akaenda ndani.

Siku ya pili Shuaib alipanda boti kwenda Amu, na nikaenda naye, kwa sababu nilimwona haoni mbele. Kamau alitupokea vizuri. Alituletea maji ya chupa, akatukalisha.

"Nimekuya kunena kweli," Shuaib akaanza. "Zile nyumba ni tupu. Watu mliowaona ni wa kuazima. Mimi ndiye niliyewaita, moya moya. Mtu mngine hana makosa."

Kamau akamtazama, akanitazama mimi. Labda alikumbuka wale saba wangu.

"Lakini mzee, kwa nini?"

"Tulidhani mwaya kutufunga."

"Hatukuja kufunga. Tulikuja kutafuta mahali pa kusaidia."

"Mbona hamkunena?" nikamuuliza mimi. "Neno moja tu, mngemwambia mzee wa kijiji. Tungewaonyesha popo wetu."

Akajikuna shingo. "Mama, vigezo tuliambiwa tusivitangaze. Ili watu wasidanganye."

Nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka karani wa meza ya pili akageuka. Shuaib hakucheka. Aliinama mbele, mikono yake ya uashi juu ya meza, akamwambia kijana wa umri wa mwanawe, "Basi tuhesabuni tena. Kuyani kesho. Kuyani leo. Mwanangu ana mimba."

"Mgao ushapitishwa, mzee. Vifaa vishakwenda. Siwezi kumnyang'anya mtu nesi." Alisema kwa huzuni ya kweli, hilo nalishuhudia. "Kutakuwa na awamu nyingine. Nitawaweka wa kwanza. Nakuahidi."

"Mtoto hangoyi awamu," Shuaib akasema.

Tulirudi na boti ya abiria. Tulipokaribia kisiwa ndipo aliponigeukia. "Twahira, nimekosea." Miaka yote ile nililingoja neno lile, na lilipokuja nilitamani nimzibe mdomo.

Asmaa aliondoka asubuhi, maji yamejaa. Taufiq alikuja kuwachukua. Hakukuwa na ugomvi. Magodoro mawili, sufuria, mabegi ya watoto. Shuaib alibeba mzigo mzito kuliko wote, akashuka nao majini na nguo zake. Asmaa akafunga nyumba yake, akamletea baba yake ufunguo.

"Baba, sikutoroki. Naogopa kufa. Nina watoto."

"Nayua."

"Njoo na wewe. Chumba ni kidogo, lakini tutabanana."

Shuaib akatikisa kichwa. Baba mtu mzima akakae chumba cha kupanga cha mkwewe? Kwetu ni mume anayeingia nyumbani kwa mke, na sasa mke anakwenda kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, na mkwe naye amfuate nyuma na mkeka? Hakusema hayo. Alisema tu kwamba msikiti hauna wa kuadhini. Wajukuu wakampungia mkono, yule mdogo akilia kwa sababu ya jaketi la kuokolea linalombana. Nilisimama kando ya Shuaib nikasikia anahema.

Mtoto alizaliwa Amu, kwa upasuaji. Daktari alisema angechelewa kidogo wangepotea wote wawili. Kwa hiyo Asmaa alikuwa na haki, na mimi nilimshukuru Mungu kwamba alikwenda, na nilichukia kwamba ninamshukuru.

Baada yake waliondoka wake wengine waliokuwa wanasitasita. Alipokuwapo walikuwa wakisema, mbona Asmaa yupo? Sasa hawakuwa na wa kumtaja. Simu za Alhamisi zikaendelea kwa muda, lakini Mohdhar akawa na udhuru, na wa Siyu akawa na udhuru, kwani nao walikuwa wakija nusu kwa ajili ya pilau ya Asmaa. Ijumaa moja niliketi dirishani nangoja hotuba, na hotuba haikuja. Nikasikia Shuaib akikimu sala, kisha kimya cha adhuhuri, ambayo imamu haisomi kwa sauti. Wanaume walitoka wachache, wakavaa viatu bila kutazamana. Skuli nayo ilikuwa ikingoja barua yake ya kufungwa, na barua ikaja.

Kamau hakuwa mwongo. Awamu ya pili ilipofika alikuja kwetu kwanza. Safari hii hakuna aliyefagia. Alipita mitaani na tableti yake, akasimama penye nyumba niliyomdanganyia, ambayo sasa ukuta wake mmoja umelala, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na hapa?" Nikamwambia, "Andika sifuri, mwanangu."

Tulifaulu vizuri sana. Tukapata kila kitu. Ililetwa boti ya wagonjwa yenye mashine, ikafungwa kwenye mikoko. Kikaletwa kitanda cha kuzalia, kipya, kingali ndani ya nailoni. Na akaletwa nesi, Bi Hayat, msichana wa Amu, mchangamfu, mwenye miwani na begi kubwa. Siku ya kwanza alizunguka akijitambulisha. Alipofika kwangu akaniuliza, "Bi Twahira, wajawazito wako upande gani?" Sikujua nimjibu vipi. Mwanamke mdogo kuliko wote kisiwani ni mimi na binamu yangu mmoja, na sisi damu ilishakatika zamani. Nikamwambia anipime presha.

Mradi ulikuwa na sharti moja: kijiji kitoe nyumba ya nesi kukaa. Bi Hayat alilala siku za kwanza kwa Abdulwahid, kwenye chumba kinachovuja, na ikaeleweka wazi kwamba asipopata nyumba nzima atarudishwa kwao. Tulitazama kijiji chote. Yenye paa zima, choo kizima na mlango unaofunga ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua, na hakuna aliyetaka kumtajia Shuaib. Akajitajia mwenyewe. "Iko ya Asmaa," akasema. "Lakini si yangu. Nyumba ya mwanamke haitolewi bila ya mwenyewe kunena."

Tukapanda jabia, yeye na mimi. Nilimshika mkono, ameanza kulemaa magoti. Aliweka simu kwa sauti ya nje.

"Asmaa, mwanangu. Nesi amekuya."

"Mashaallah, Baba."

"Na boti iko. Hata maji yakitoka yapita. Na kitanda, kitanda kizuri, hakiyalaliwa."

"Alhamdulillahi. Mumefaulu."

Nyuma ya sauti yake nilisikia wajukuu wakibishana Kiswahili cha Nairobi walichokiokota skuli ya Shela, na honi ya pikipiki, na mtu akiuza kitu.

"Basi," Shuaib akasema. "Ulinambia akiya nesi..."

"Baba." Ilikuwa sauti ya mtu anayemvua mtoto mwiba. "Nesi wa nini tena? Nimekatwa mara moja, daktari amenikataza nisizae. Watoto wana walimu wao. Taufiq ana kazi yake."

Shuaib akaifuta simu kwa kikoi, kana kwamba uchafu ndio unaomzuia kusikia. Kisha akasema lililomleta. Nesi hana nyumba. Nyumba nzuri ni moja. Nyumba ni yake Asmaa, akitaka atoe, asipotaka asitoe, hakuna wa kumlazimisha.

"Ukikataa nitawambia umekataa," akasema. "Hapana ubaya. Mtu ana haki na nyumba yake. Huenda ukaihitaji."

Nilimtazama usoni. Alikuwa anamwomba Mungu akatae. Nesi aende zake, boti ioze kwenye mikoko, kitanda kibaki ndani ya nailoni yake, lakini mwanawe aseme hapana, nyumba yangu asikae mtu.

Nilidhani mtandao umekatika.

"Mpe, Baba," akasema. "Vile vitu vyangu vilivyobaki wape watu. Sisi haturudi."

"Haya, mwanangu."

"Umekasirika?"

"Siyakasirika. Nyumba haitaki kukaa bure."

Akaagana naye, akasalimia wajukuu, akaizima simu, akaitia mfukoni. Chini pale Abdulwahid na Bi Hayat walikuwa wamesimama wanangoja jibu, nesi na begi lake tayari begani. Shuaib akajaribu kuwaita ile sauti yake nene ikakataa kutoka, kwa hiyo nikawaambia mimi. Nikasema Asmaa amekubali. Bi Hayat akapiga makofi kwa furaha, na Shuaib akakaa juu ya ukuta wa jabia, akajifunika uso kwa mikono, akalia mbele ya watu wote waliobaki.